Kiazi Kilichosimama Barazani

Uporoto, Jumamosi, Februari 1956

Rasharasha hazijakoma wiki nzima, na ukungu umelala mlimani tangu alfajiri. Hata hivyo moyo wangu umetulia.

Mimi huwaandikia watu maombi kwa wakubwa, na lugha fasaha nilijifunza peke yangu. Leo, hata hivyo, nimemtetea mtu kwa kiazi.

Mtu huyo ni Mama Tusekile, mjane anayelima jirani na Mzee Ambakisye. Juzi kabichi changa za mzee zilinyauka katika udongo uliolowa. Mche kufa kwa kiu wakati wa mvua ni jambo la kutisha, nami sikatai. Likatajwa jina la mjane, kwamba ameziroga, kwa sababu alikuwa amemkatalia mzee kusogeza mpaka wa mashamba yao. Leo wazee walikutana kuamua kama ahame mlimani.

Nilitangulia shambani. Kila shina lilizungukwa na mbolea nyeupe ya dukani. Mzee aliimwaga kwa viganja, kama tunavyomwaga majivu sisi sote.

Majivu yetu hayana haraka ya kudhuru mche. Mbolea ile ni jamii ya chumvi.

Kitabu changu cha elimu ya mimea kinafundisha kwamba mmea umejengwa kwa vyumba vidogo mno, na kila chumba kina utando. Utando huo hupitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi huizuia. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani hutoka kuifuata, na mzizi hukauka huku umezungukwa na unyevu.

Mbele ya wazee nilimenya viazi viwili vibichi, nikavichimba vishimo, nikatia chumvi katika kimoja tu.

"Mwandishi, mkeo amekufukuza jikoni?" akauliza mmoja. Walicheka sana.

Tulikula mahindi ya kuchoma, tukangoja. Kishimo chenye chumvi kikajaa maji, na kiazi chake kikalegea. Cha pili kilibaki kikavu na kigumu. Nikawaambia kwamba mbolea ya dukani huifanyia mizizi vivyo hivyo.

Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo Mama Tusekile, ambaye hakuwa ameruhusiwa kusema, akasema kwa upole, "Baba zangu, na hiki kiazi nimekiroga saa ngapi? Mmekaa mkinitazama."

Mzee Ambakisye alikibonyeza kiazi kwa kidole, mara mbili. "Mbolea niliimwaga kwa mkono wangu," akasema. "Mama huyu akae kwake."

Nilikuwa na ombi mfukoni, lenye ibara ambazo sidhani nitaziandika tena vizuri hivyo. Halikusomwa. Nakiri kwamba liliniuma kidogo.

Alasiri nilimwambia mzee kwamba miche ambayo bado ina uhai itapona ikiwa chumvi itaoshwa kwa maji mengi, na mfereji wa karibu ni wa mjane. Alikwenda kumwomba mwenyewe, kofia mkononi. Mama Tusekile akachukua jembe, akafungua mfereji.

Maji yamepita. Mpaka haukusogea.

Je, kabichi zitainua vichwa? Nitapita kuzitazama nikienda ibadani.