Mtoto Asiyekanyaga Chini

Nyamigogo, Biharamulo

Mama yangu mpendwa,

Nimechora kwenye kitabu kisicho changu. Na katika mchoro ule kuna sehemu ambayo sikuichora mimi. Hilo sijamwambia mtu yeyote hapa. Nimelitanguliza kabla hata ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapohapo.

Sasa, shikamoo Mama. Mgongo unaendeleaje? Mmemaliza kuvuna maharage ya kule bondeni? Mimi ni mzima. Mama mdogo ananitunza vizuri, ila analalamika kwamba naongea kidogo hadi anasahau kama nipo nyumbani. Barua hii nimempa yeye ailete akija huko Ntobeye. Nisingeweza kukupigia, maana simu ya Baba unajua inavyosikika mpaka kwa jirani.

Kama ulivyosikia, namsaidia Mwalimu Paskazia kwenye darasa la watoto wadogo karibu na kanisa. Yeye anawafundisha kuhesabu na kuimba. Mimi nagawa uji, kisha nawasomea vitabu vya picha. Vitabu vililetwa na wageni, ili watoto wajifunze kuhusu njaa: kwamba wapo watoto wasiokula, kwamba si aibu yao, na kwamba mwenye chakula amgawie mwenzake. Wageni watarudi kuvikagua. Mwalimu alinikabidhi sanduku na ufunguo wake mmoja, akaniambia, "Binti, ukurasa ukichafuka, wewe unarudi kwa mama yako." Ufunguo nauvaa shingoni.

Katika kitabu kimoja kuna mtoto wa kike amesimama, ameshika bakuli tupu. Aliyechora hakuweka kitu kingine chochote ukurasa ule. Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna hata ardhi, ni weupe mtupu. Nadhani alitaka tuone jinsi mtoto yule alivyo peke yake. Watoto wangu waliona kitu kingine.

"Mwarimu," alisema Fide, ambaye ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote, "mbona huyu hakanyagi chini?"

Darasa zima likasogea kutazama.

"Kweli, hakanyagi."

"Basi amekufa huyo."

Unakumbuka ulivyokuwa ukituambia jikoni kwamba mzimu unautambua kwa miguu, kwamba haukanyagi chini? Kumbe na huku mama zao huwaambia hivyohivyo. Nilipaswa kuwajibu palepale. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikafunua ukurasa unaofuata. Huko yule mtoto anapewa chakula na jirani. Nikamsikia Fide akiwanong'oneza wenzake: "Wamempa ili asiwafuate nyumbani."

Kesho yake, kabla ya kunywa uji, kila mtoto alimimina kidogo juu ya jani la mgomba. Jani wakalipeleka nyuma ya jiko, wakaliweka chini, wakarudi bila kugeuka. Nilipouliza, wakasema ni cha mtoto wa kitabuni. Mwalimu Paskazia alipiga makofi kwa furaha. "Umeona? Wamejifunza kugawa!" Nami nilifurahi, ingawa ile namna yao ya kutogeuka ilinikaa mwilini. Wakaendelea hivyo kila siku. Na kila nilipokwenda kuosha vyombo nilikuta jani tupu, safi, kama limepanguswa kwa kitambaa.

Sasa nikueleze kuhusu Odeta. Ni mtoto wa darasani kwetu anayeishi na bibi yake mgonjwa ng'ambo ya bonde. Nywele zake zimekuwa chache na nyekundu, na miguu yake ni myembamba sana. Siku hizi watu wanachoma mashamba, kwa hiyo asubuhi moshi unalala chini kabisa, na Odeta huja akipita humo. Unaona kichwa, unaona mabega, halafu ni moshi. Miguu huioni. Akifika, imejaa vumbi jeupe la bondeni hadi magotini.

Siku moja nilikuwa naita majina. Nikaita, "Odeta." Nikarudia. Watoto wote wakainamisha vichwa.

"Mwarimu, usimwite," alisema Fide.

"Kwa nini?"

"Ataitika."

Nikatazama. Odeta alikuwa amekaa katikati ya mkeka, na mkeka ulikuwa mtupu kila upande wake. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, lakini hakuitika.

Hapa kila mtoto huja na kikombe chake. Odeta hana. Zamani alikuwa anasubiri mwenzake amalize, kisha anaazimwa. Na mimi unanijua, nikigawa uji nainamisha macho, naona vikombe, sioni nyuso. Siku hiyo niliinua macho. Hakuna aliyemwazima. Alisimama mlangoni mpaka sufuria ikaisha, kisha akatoka. Nikamfuata.

Nyuma ya jiko moshi ulikuwa mzito. Odeta alikuwa amepiga magoti, amelishika lile jani kwa mikono miwili, analiramba polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakushtuka kuniona.

"Ni changu, mwalimu. Huwa wananiwekea."

"Nani amekwambia ni chako?"

"Wanasema ni cha yule aliyekufa." Akajifuta mdomo, akasimama. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtoto anayeuliza tunarudi nyumbani saa ngapi: "Mwalimu, mimi nilikufa lini?"

Naona aibu kukuandikia hili. Kabla sijamjibu, niliitazama miguu yake. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliitazama nione kama inagusa chini. Na kwa moshi ule, sikuona.

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini nao ulinishika. Nikampeleka kwenye ndoo ya maji, nikamwosha vumbi lote, nikamwambia aingie darasani na miguu ikiwa bado imelowa. Akatembea juu ya saruji, na nyayo zikabaki nyuma yake, kisigino na vidole vyote. Watoto wakajibana ukutani. Nilikuwa sijanywa uji wangu. Nikampa kikombe changu akanywa nusu, nami nikamalizia, palepale mdomo wake ulipogusa.

"Yesu wangu," alisema Fide.

Halafu nikasema. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nikasema njaa haimgeuzi mtu kuwa mzimu. Nikasema hata mimi nimewahi kulala njaa, nyumbani kwetu, mwaka ule maharage yalipokauka, na kwamba mama yangu alikuwa akituambia ameshakula shambani, kumbe hakula. Nisamehe kwa kuitoa nje siri ya nyumba yetu.

"Je, mimi nimekufa?" nikawauliza.

"Hapana, mwarimu."

"Na mama yangu?"

Wakafikiri. Fide akauliza, "Anakanyaga chini?"

"Anakanyaga, tena kwa kishindo."

Wakacheka. Lakini walipokaa tena, mkeka ulibaki mtupu kandokando ya Odeta. Nikajua kuwa mimi nimesema mara moja tu, lakini kitabu kitaendelea kuwaambia kinyume kila watakapokifungua.

Kwa hiyo walipoondoka nilifungua sanduku, nikachukua kalamu ya bluu, nikamchorea yule mtoto ardhi. Mstari, mawe, na nyasi kidogo. Nikafunga sanduku, nikauvaa ufunguo, nikalala nao.

Asubuhi nikawafungulia ukurasa ule.

"Leo amesimama," walisema.

Fide akasogea akaweka kidole. "Tena alitoka, akarudi."

Nikakigeuza kitabu nikione. Juu ya ardhi yangu kulikuwa na nyayo za bluu, ndogondogo, kisigino na vidole vyote. Zilianzia kwenye miguu ya yule mtoto zikaenda hadi ukingoni mwa ukurasa, na nyingine zilirudi. Mama, mimi nilichora mstari, mawe na nyasi. Nyayo sikuzichora.

Mimi ndiye niliyekaribia kupiga kelele. Watoto hawakuogopa hata kidogo. "Basi ni mzima huyo," alisema Fide, na wakakubaliana kama watu waliomaliza kikao. Wakati wa uji, msichana mmoja, Veneranda, alimpelekea Odeta kikombe chake. "Chukua, lakini usimalize." Wakakaa pamoja. Hakuna aliyekwenda kukata jani la mgomba, na tangu siku hiyo hawajalikata tena.

Odeta alipokuwa anakunywa alinyoosha miguu yake mkekani, na nikauona unyayo. Kwenye kisigino palikuwa na rangi ya bluu. Kidogo tu, kama wino usiotoka vizuri kwa maji. Alinikuta natazama, akaukunja mguu taratibu, akaendelea kunywa.

Sikumuuliza. Wageni wakija na kuuona ukurasa ule, nitasema nimechora yote mimi, na kama ni kurudi Ntobeye nitarudi. Siwezi kuzifuta nyayo zile. Naogopa nikizifuta, Odeta ataniuliza tena lile swali.

Nisalimie Baba, na Bibi kule kwake juu, umwambie namuombea macho yake. Msalimie Kaka na mkewe, na mdogo wangu, umwambie ahifadhi viatu vyangu vya shule, vitamtosha karibuni.

Wakikuuliza nimeandika nini, sema nimeandika kuhusu moshi na kuhusu kazi, kwamba inakwenda vizuri. Baba usimwambie niliyoyasema juu ya njaa yetu. Na ile habari ya kisigino usimwambie mtu kabisa, Mama, hata kanisani kwenye maombi. Mimi na Odeta hatujaambiana neno, na bado tunaitunza. Nakuomba na wewe uitunze.

Mwanao,
Jeneroza