Rangi ya Kitambaa cha Mama

Edo, mwezi wa tatu

Kwa dada yangu mpendwa Oyone,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na shemeji. Je, goti lako limepona? Wateja bado wanagombania supu yako ya viazi vikuu? Mimi ni mzima, ila kwa furaha hata chakula hakipiti.

Dada, nimepewa ubao wangu wa kwanza wa kuchonga picha nzima ya kupigwa chapa! Bwana Rinsai, mchoraji, anatoa picha za vituo vyote vya barabara ya Tokaido, na kituo chetu cha Mariko kimeangukia mikononi mwangu. Fundi wetu mkuu, Mzee Genpachi, alinitania kwamba miaka tisa nimechonga nyasi na mvua tu, nisije nikawapa watu wa Mariko sura za nyani. Nikamjibu kuwa baadhi yao wanazo tayari. Karakana nzima ilicheka.

Nikaufungua mchoro. Mgahawa wetu huo, na mlima nyuma yake, na wasafiri wawili wanakula. Mlangoni, pale Mama alipozoea kuwapokea wageni, hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipokosa, na tafadhali usimwambie mtu. Karatasi ya mchoraji hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, kisu hupita juu yake, na mchoro wenyewe huharibika hapo hapo. Anayejua ulivyokuwa ni mchongaji na mchoraji tu. Nikachukua brashi, nikamweka Mama mlangoni, ameinama kidogo, trei mkononi. Nikamchonga. Ulimzika peke yako, Dada, mimi nikanyimwa ruhusa ya kuja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Nilijua kabisa kwamba kuongeza hata unywele mmoja kwenye kazi ya mchoraji ni kufukuzwa.

Jana chapa ya kwanza ilipelekwa kwa Bwana Rinsai apange rangi. Akaniita. Nikaenda.

"Huyu mimi sikumchora," akasema. "Ila namkumbuka. Aliniongezea bakuli bila kuombwa, kisha akanigombeza eti nakula mbiombio."

Akashika brashi, akaniuliza kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cha rangi gani.

Dada, mgongo wake nimeuchonga bila kukosea. Rangi ya kitambaa nimeisahau. Niliitafuta kichwani hadi nikalia mbele yake. Amesema atanisubiri siku kumi.

Msalimie shemeji, na umfukizie Mama ubani kwa niaba yangu. Tarishi nimemwambia asiondoke hapo mlangoni bila jibu lako.

Mdogo wako,
Kanesuke