Daktari Siwema na Macho Yaliyotazama Jua

Jumamosi, 30 Juni 1973
Jua limepatwa alasiri. Kuku wakaingia bandani, punde wakatoka wamechanganyikiwa! Wiki nzima Daktari Siwema Lugembe alizunguka shule na kipaza sauti: msilitazame, hata kwa kioo cha moshi. Binti mdogo vile, hajamaliza mwaka kwenye kliniki yetu ya macho — lakini sauti! Mume wangu Saidi karudi kutoka msikitini, kajilaza. Eti kichwa kinamuuma.

Jumanne, 3 Julai
Wagonjwa wamefurika. Wengine wamekuja na lori kutoka Igunga na Choma. Kilio kimoja: katikati ya kila wanachotazama kuna doa. Daktari anawamulika mmoja mmoja, anachungulia retina, ule utando wa nyuma ya jicho, kisha anachora alichoona. Mzee mmoja alitaka dawa ya matone. Akaambiwa hakuna, wengi hupona wenyewe, wengine hapana, na bado hatujui nani na nani. "Ndiyo maana nataka urudi, baba." Mzee akasonya. Mimi nesi ningempa maji ya chumvi aende zake. Yeye hawezi kumdanganya mtu.

Alhamisi, 5 Julai
Saidi ni fundi saa. Leo nimemkuta dukani kwake, mtaa wa Kanyenye, anapapasa meza, anatafuta skrubu iliyo mbele yake. Doa! Jicho la kulia, lile analowekea lenzi. Alilitazama jua kidogo tu, anaapa. Mume wa nesi wa macho! Nimelia, nikacheka, nikamkokota kliniki.
Daktari hakumgombeza. Alimmulika muda mrefu. "Pole, shemeji. Tutalifuatilia pamoja."

Jumatano, 22 Agosti
Tuko Choma, tumewafuata wagonjwa kwao. Vumbi mpaka kwenye meno. Daktari anawahoji kwa Kisukuma, wanacheka naye, hata yule mzee aliyesonya amekuja. Na sasa jambo linajitokeza: walioanza na doa hafifu wanapona. Wale ambao doa liliwafutia uso wa mtu kabisa, bado. Hakuna aliyemwambia atafute hilo. Kaliona mwenyewe, kwa subira. Nimejivunia kumbebea taa.
Doa la Saidi lilikuwa la namna gani? Sikuthubutu kumuuliza Daktari.

Jumatatu, 10 Septemba
Chama cha madaktari, Dar, kimemteua Daktari Siwema miongoni mwa watafiti chipukizi wa mwaka! Atatuzwa, atasimama kueleza kazi yake mbele ya wakubwa. Daktari Wenceslaus, mkuu wetu, katangaza mbele ya wagonjwa wote. Vigelegele!
Siwema kainama kama mwari. Kisha kauliza kama atawahi kuwapima watu wa doa Ijumaa kabla ya treni ya Dar. Mdogo wangu, nikamwambia, nenda kapumzike. Akasema, "Dada Mwanahawa, nitawaambiaje wamepona kama sijawatazama?"

Ijumaa, 14 Septemba
Begi la Daktari liko mlangoni. Hajala tangu asubuhi. Saidi ndiye wa mwisho, naandika mezani kwangu maana mikono inataka kazi.
Daktari kamfunika jicho la kushoto. Kavua saa yake ya mkononi, kamkabidhi.
"Niambie unachoona, shemeji. Usinifurahishe."
Saidi kainama. "Mshale wa dakika."
"Na ule mfupi?"
Saidi kaisogeza saa karibu, kaigeuzageuza. Honi ya Landrova ya kumpeleka Daktari stesheni ikalia nje. Daktari Wenceslaus kachungulia: treni hiyo, Daktari!
Siwema hakugeuka. Kavuta kiti, kaketi.
"Taratibu, shemeji. Nipo."