Spika ya Kushoto

Kitaji, Musoma
Jumapili, 13 Novemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Nakusalimu kwa moyo wote, na kwa hamu kubwa ya kukuona. Goti linasemaje tangu mvua zianze? Ndugu yangu Thadeo na watoto wake wanaendeleaje, na yule ng'ombe mwekundu asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe? Samaki ulionikaushia, zile ningu, walifika salama, ingawa Florian aliwafikia kabla yangu. Mahali hapa kwenye barua mtu huandika kwamba yeye ni mzima wa afya, kisha anaendelea na mengine. Leo naacha nafasi, nitaijaza kule chini. Usishtuke, naandika nikiwa nimeketi na nimeshiba.

Nimetumia herufi kubwa ili usome mwenyewe. Ulihitimu kisomo cha watu wazima ukapewa cheti, kwa hiyo sioni sababu ya Thadeo kukusomea barua mbele ya wageni. Tena haya ni ya kwako kwanza. Mwezi wa nane uliponisindikiza barabarani uliniambia tena kwamba bado unangoja, nami nikacheka nikapanda gari. Hilo nalo limo humu, ila lina njia yake ya kufikia.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu pale studio ni ipi hasa, maana mashine ni za Florian na wanaoimba ni kwaya. Nilikujibu kwa mkato, nikaona hukuridhika. Basi ni hivi. Waimbaji, gitaa na kinanda vinarekodiwa kila kimoja peke yake, halafu mimi navichanganya: huyu apande kidogo, yule ashuke. Ni kama kuonja mchuzi, na spika ndizo ulimi wangu. Mtu aliyetoka kulamba asali hawezi kujua chai yako ina sukari kiasi gani.

Asali hiyo tuliilamba mwaka mzima. Maduka yalipoanza kujaa vitu, Florian alinunua spika kubwa kama kabati, zenye taa nyekundu zinazorukaruka. Wewe unaikumbuka miaka ya foleni za sabuni. Mtu aliyetoka huko akiona kitu kinachong'aa hana maswali. Tukarekodi kwaya moja ya Butiama. Mle ndani besi, ile sauti nene, ilitikisa madirisha, nikaipunguza, nikapunguza tena, kanda zikaenda. Wiki ya pili mwenyekiti wa kwaya alifika na redio yake ndogo ya betri kwapani, akaiweka mezani, akacheza kanda hata kabla ya salamu. Hapakusikika mwanaume hata mmoja. Akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Sisi tuliimbaga wanaume kumi na mmoja. Wote mliwapeleka kuchunga?"

Kumbe zile spika zilikuwa zinajiongezea besi zenyewe ili zipendeze. Nikaihukumu kwaya kwa kosa la spika. Ndipo nikaenda Bunda kwa Salum, fundi na muuza redio, ambaye mizigo yake inapitia mpakani Sirari. Alinionyesha spika mbili ndogo nyeusi, zilizokwisha kutumika, hazina taa wala pambo. Nilipozisikia mara ya kwanza nilikunja uso. Salum alisema hizo hazikuumbwa kumfurahisha mtu, zinasema kilichomo tu, na atakayepika kwa hizo chakula chake kitalika kwenye redio yoyote. Nikazichukua. Florian alinuna siku tatu, akisema nimebadilisha fahali kwa mbuzi wawili.

Mama, ungeona nilivyoziweka ungecheka. Nimezitoa ukutani, kwa sababu spika ikibanwa kwenye kona besi inavimba. Nimezipandisha juu ya matofali hadi usawa wa masikio yangu, chini yake vipande vya kandambili ili meza isitetemeke. Na inatakiwa umbali kutoka spika moja hadi nyingine uwe sawa na umbali kutoka kila moja hadi kichwani kwangu. Sikuwa na kipimo, nikapima kwa ile kanga yako ya bluu, upana wake mara moja kila upande. Kwenye kuta tumetundika magunia yaliyojazwa pamba. Nasikiliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea na jirani, na kila baada ya muda natoka nje kupumzisha masikio. Siku ile ya kwanza nilifikiri sasa nimekuwa fundi.

Hapo ndipo kwaya yetu ya Suguti ilipokuja kurekodi kanda ya jubilei ya parokia, na hapo ndipo spika ya kushoto ilipoanza kuugua. Ya kulia ilikuwa inanipa kila kitu, mpaka pumzi ya Marieta, mwimbaji wetu, kabla hajaanza ubeti. Ya kushoto ilikuwa butu, kama mtu anaimba huku kajifunika blanketi. Niliongeza sauti nyembamba upande ule, nikaongeza tena. Florian akapita akashika sikio, akauliza kwa nini upande mmoja unachoma kama pilipili. Nikamwambia yeye hajui kusikiliza. Jubilei ilikuwa imebaki wiki tano, na ni mimi niliyemwahidi paroko.

Niliifunga ile spika kwenye shuka nikapanda nayo gari hadi Bunda. Dukani kwa Salum, ikiwa peke yake mezani, iliimba vizuri kabisa. Nikarudi nayo Kitaji, ikawa butu tena. Nikaipeleka mara ya pili, ikaimba tena. Sasa nikajiaminisha kwamba Salum ana namna ya kuitengeneza nikiwepo na kuiharibu nikiondoka. Alipofunga duka akaja mwenyewe Musoma kusikiliza, akakaa kwenye kiti changu akasema zote mbili ni sawa, nilimwita mlanguzi. Nilimwita hivyo mbele ya Florian.

Neno hilo si la kutania, Mama. Katika msako wa walanguzi wa mwaka themanini na tatu, Salum aliwekwa ndani miezi mitano kwa ajili ya katoni tatu za sabuni. Najua, kwa sababu yeye ndiye aliyenisimulia, siku niliyokunywa kahawa yake. Baada ya tusi hilo aliinuka kitini, akaniomba nikae, akakigeuza kiti nikatazama mlango, spika zikawa mgongoni. Akacheza wimbo uleule.

Spika iliyokuwa mgonjwa ikapona, na ile nzima ikaugua. Upande wa kushoto ulikuwa butu vilevile, ila safari hii kushoto kwangu palikuwa na spika ambayo sijawahi kuilalamikia. Niligeuka mbele, nikageuka nyuma, mara nne nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ugonjwa ulikuwa unanifuata mimi. Salum alipunguza sauti taratibu, akaweka mkono begani pangu.

Nilimwomba radhi palepale, tena kesho yake nikaenda Bunda kumwomba mbele ya mke wake, Mwanaharusi, kwa sababu nilimtukana mbele ya mtu. Alisema ameshasahau. Sidhani kama amesahau, lakini alinipa kahawa.

Daktari wa hapa Musoma alinipima, akaniuliza nilifanya kazi gani zamani. Nikamwambia miaka minane kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mashine ilikuwa kushoto kwangu zamu zote. Akauliza kama tulikuwa tunaziba masikio. Mama, pamba ilikuwa imetujaa hadi kwenye kope, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchukua kipande akakitia sikioni. Daktari alisema sikio la kushoto limepoteza sauti nyembamba na zile hafifu kabisa, na halitarudi. Mtu akiongea kwa nguvu nitamsikia. Akininong'oneza upande huo, sipati neno. Akakadiria kwamba ni jambo la miaka mingi.

Nafasi niliyoiacha pale juu ijaze kwa hayo. Nililia, sitakuficha. Niliona kazi imekwisha na jubilei nimeiharibu. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Salum ndiye aliyeuliza redio za watu wa Suguti zina spika ngapi. Zina moja. Basi nikazima ya kushoto, nikaiweka ya kulia mbele ya sikio langu zima, nikachanganya kanda yote upya kwa spika moja. Pale panapohitaji pande mbili, Marieta anakaa kushoto kwangu ananiambia. Mwenyekiti wa Butiama alipitia hapa, nikamchezea kanda hiyo kwenye redio yake ileile. Akahesabu wanaume, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kanda ya jubilei iko ndani ya kifurushi hiki.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika. Siku ya kumzika Baba, miaka miwili iliyopita, ulisimama kushoto kwangu. Kwaya ilikuwa inaimba. Uliniinamia, ukaninong'oneza maneno, si machache, ukanitazama. Nikaitikia kwa kichwa mara mbili. Ukanishika mkono kwa nguvu, na hukulia tena siku ile. Sikusikia hata neno moja, Mama. Nilifikiri ni kelele za kwaya, na niliona aibu kukwambia urudie neno la namna hiyo kaburini. Kila nikija tangu wakati huo unanisindikiza, unasema bado unangoja, nami nacheka, nikidhani unangoja nije tena. Daktari aliponiambia kuhusu minong'ono, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali, nikaelewa. Nimekuahidi kitu miaka miwili, na sijui nimekuahidi nini. Nisamehe.

Ndani ya kifurushi utakuta kanda ya pili, tupu. Mwambie Thadeo akuwekee kwenye redio yake, bonyeza kitufe chekundu pamoja na cha pembeni yake, halafu mtoe Thadeo nje. Sema lile neno kama ulivyolisema siku ile. Usipaze sauti kwa ajili yangu, nong'ona tu, nitalisikiliza kwa spika ya kulia. Na usihofu kwamba nitabadili nia nikishalijua. Niliitikia mbele ya Baba, na jibu langu ni lilelile, ndiyo.

Nisalimie Thadeo na mkewe, watoto wote, jirani wa juu na wa chini, na yule ng'ombe. Florian anakuamkia, na anauliza kama ningu zimekwisha. Mungu akutunze hadi tutakapoonana, na nikija, nitembee kushoto kwako.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Magesa