Vitufe Visivyo na Majina

Dodoma, 10 Juni 1996

Mdogo wangu Rukaya,

Salamu nyingi. Mimi mzima, labda kikohozi cha vumbi tu. Huko Gulwe mnaendeleaje, na miguu ya mama imepoa?

Rimoti yangu imekubali. Nimeiunda ndani ya kisahani cha sabuni, kwa vifaa nilivyong'oa kwenye gari la kuchezea. Bendi ikipiga, nabadili taa za rangi na picha za ukutani bila waya, nimesimama katikati ya wachezaji. Miaka mitatu nimekaa nyuma ya jukwaa na maswichi, hata sura za watu sizioni. Ina vitufe vinane na sijaviandika majina. Mpangilio naujua peke yangu. Mzee Mbaruku, mwenye ukumbi, alitaka kunitoa amweke mpwawe Hasani. Sasa na athubutu.

Kaka yako,
Swalihu

Gulwe, 21 Juni 1996

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, mama anatembea. Hongera kwa rimoti. Nami nina langu: posa ya Imrani imekubaliwa, ndoa ni Ijumaa tarehe 12 Julai. Baba hayupo, walii wangu ni wewe. Njoo na treni ya Alhamisi. Sitaki kuozeshwa na mwingine.

Mdogo wako,
Rukaya

Dodoma, 1 Julai 1996

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mwili wangu mzima, roho ndiyo inaumwa. Mzee kaninyima ruhusa. Ijumaa hiyo ukumbi umekodiwa, na Hasani akishika rimoti taa zote zinazimika. Nikasema nitamfundisha, mzee akacheka: "Si ulisema mwenyewe haifundishiki?" Kweli nilisema. Kasema nikiondoka nisirudi, na vifaa vyangu kavifungia stoo. Sogezeni wiki mbili.

Kaka yako,
Swalihu

Gulwe, 5 Julai 1996

Kaka, shikamoo.

Tunakuombea nafuu ya hiyo roho. Imrani anaripoti kazini Tabora tarehe 15, ndoa haisogei. Ulificha ufundi wasikutoe, sasa hawakuachii utoke. Mama anasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mbembeleze mzee, umfundishe Hasani, uje. Ukishindwa kabisa, leta karatasi ya kumfanya ba'mdogo Abbasi wakili wako. Lakini mimi nakutaka wewe.

Rukaya

Dodoma, 9 Julai 1996

Rukaya,

Nakusalimu, na mama umpe shikamoo yangu. Barua nampa William, dereva wa lori, iwahi.

Mimi Swalihu, walii wa Rukaya, nimemfanya ba'mdogo Abbasi wakili wangu, amwozeshe kwa Imrani.

Nikuambie ukweli. Jana nilimbembeleza mzee, akalegea. Akasema, "Viandike vitufe majina, Hasani asome, uende zako." Nilikaa na kalamu mpaka alasiri. Nikaona nikiviandika, Jumatatu sina kazi. Sikuandika hata kimoja.

Ijumaa wakiuliza walii yuko wapi, usinitetee.

Kaka yako,
Swalihu