Chupa ya Christelle na Kisima cha Mama Adija

Jumatatu, 3 Novemba
Christelle ametoka Lubumbashi juzi tu, na leo shefu wetu wa ofisi ya maji, Papa Ephraïm, amemupatia kiti cha karibu naye. Kiti changu! Eti Christelle anajua kuuliza maji yametoka wapi. Na mimi je? Nani alimufundisha shefu kama maji ya ziwa yana madini mingi ya magnezi, ya mulima yana chumvi kidogo, yaliyopita vyooni yana nitrati, alama ya uchafu? Mimi, Domitille. Leo anayasikia kwa yule kama habari mupya.
Kazi ni kisima cha Mama Adija. Kama maji yanatoka mulimani, mutaa wote utakunywa. Kama yanapita vyooni, tunakifunga. Wa kuchota maji ya kupeleka labo kupimwa: Christelle. Roho inaniuma, na sifichi.

Jumanne, 4 Novemba
Nimebeba kisanduku cha chupa nyuma yake. Mimi!
Mama Adija alifurahi sana kuona mugeni. Akamupokonya chupa, akaingia nayo ndani, akarudi nayo imejaa. Mugeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ninamujua mama huyu: mugeni hamupi maji ya kisima, ni aibu. Amemujazia ya mvua, ya kwenye pipa, yale anayopikia wageni chai. Christelle akasema aksanti mama, akaandika jina la kisima kwenye chupa. Kukataa ingekuwa kumukosea mama heshima, sawa. Lakini kuuliza tu?
Choo cha jirani kiko pale pale kwenye mutelemuko, juu ya kisima. Harufu peke yake inatosha.
Sikusema kitu. Acha labo imuaibishe.

Jumatano, 5 Novemba
Amekuja na kitenge kipya. Shefu amekisifu. Changu hajakiona tangu Pasaka.

Ijumaa, 7 Novemba
Labo imejibu. Chumvi karibu hakuna, hata ile kidogo ya mulima. Nilingoja shefu ashituke, aseme hii ni mvua, nani alichota? Wapi! Amesema maji ya mulima, safi kabisa. Watu wote wa biro wakamupigia Christelle makofi. Na mimi nikapiga. Kisima kinafunguliwa Jumapili.
Nilitaka yeye aanguke. Sikutaka watu wanywe maji ya choo. Kipindupindu tunakijua hapa.

Jumamosi, 8 Novemba
Nilienda kwa shefu kumuambia. Nikafika mpaka mulangoni. Alikuwa anacheka na Christelle, anamuita mutoto wangu. Mimi hajawahi kuniita hivyo. Halafu nikawaza: ataniuliza, ulikuwa pale, ulinyamaza kwa nini? Nikarudi nyumbani. Nimelia kidogo, kwa hasira zaidi.

Jumapili, 9 Novemba
Ujumbe wa Christelle asubuhi: Yaya Domitille, watu wanaogopa bado, shefu anataka tunywe mbele yao. Mimi kikombe cha kwanza, yaya cha pili. Ninakuja kukuchukua na pikipiki.
Hata hapo, wa pili!
Na ananiita yaya, dada mukubwa, kwa heshima kabisa. Hana hata ubaya wa kunisaidia nimuchukie vizuri.
Anasema wamama wameshapanga mabidoni ya kuchotea. Mama Adija amevaa nguo ya sikukuu.
Nikimuambia njiani, atamuambia shefu yeye, na sifa itakuwa yake tena. Nikingoja mpaka pale mbele ya watu, itakuwa yangu. Lakini kikombe cha kwanza kitakuwa kimeshafika kinywani mwake.
Moto yake inaunguruma nje. Anapiga honi. Nimevaa kiatu kimoja.