Utepe wa Mzee Donal

Jumanne

Sijui ni uchovu au kiherehere changu tu. Asubuhi nilikuta fimbo ya Mzee Donal, mzee ninayemtunza kazini, nyuma ya kabati lake, utepe wa mshikio umekuwa mweusi. Nikaubandua wote, nikautupa. Eti nafanya usafi!

Ndipo aliponiambia. Kwao Ayalandi alicheza hurling, mchezo wa fimbo na mpira mdogo, miaka kumi na minne bila malipo; Jumapili uwanjani, Jumatatu kazini. Utepe ule aliufunga mwenyewe kabla ya mechi yake ya mwisho. Weusi ule ulikuwa jasho lake.

"Nisamehe, Mzee." Akasukuma sahani. Chakula kikapoa.

Zamu ilipokwisha nilipanda basi hadi madukani Flagey, miguu inawaka moto, nikanunua utepe mpya, nikarudi kwake Woluwe. Mikono yake hutetemeka, hata kijiko namshikia mimi. Lakini alipoupokea utepe, ikatulia. Akazungusha, akavuta, akazungusha, mpaka mwisho, bila kunyanzi hata moja.

Akaniwekea fimbo mapajani, akashika kola ya shati lake.

"Haya, Rehema. Nifungie kifungo hiki. Mimi sikiwezi."